Dhahabu Iliyochanganyika na Hukumu Yake

Bangili ya karati 22 si dhahabu tupu. Katika kila sehemu 24 za uzito wake, 22 ni dhahabu. Mbili zilizobaki ni shaba nyekundu na fedha, kwa kiasi kinachotegemea rangi aliyoitaka mtengenezaji. Upande wa ndani, karibu na kifungo, hupigwa mhuri mdogo wa 916, yaani sehemu 916 kwa elfu. Ya karati 21 hupigwa 875 na ya karati 18 hupigwa 750. Mapambo mengi ya namna hiyo hutoka Dubai, hupita Eastleigh jijini Nairobi, ndipo yafike Garissa, na yanapowekwa kwenye mizani ya sonara kila aliye dukani huyaita dhahabu. Hakuna anayeuliza bei ya dhahabu na shaba yake. Hata hivyo shaba imo, tena imo kwa sababu nzuri: dhahabu safi ni laini mno, kifungo chake hulegea na nakshi zake hufutika kwa kuvaliwa tu. Chembe za shaba, ambazo ni ndogo kuliko za dhahabu, zinapokaa katika safu za dhahabu huzipinda kidogo, na safu zilizopindika haziteleziani kwa urahisi. Ugumu wa bangili unatokana na kile kisichokuwa dhahabu.

Aloi ni metali inayopatikana kwa kuyeyusha metali mbili au zaidi pamoja, au metali na kitu kisicho metali kama kaboni, hata zigande kuwa kitu kimoja. Vyuma, vyombo, kufuli, sarafu na mapambo ya kila siku karibu yote ni aloi. Jambo hilo ni la fundi, lakini tangu kale limemfikia pia mwanafalsafa na fakihi, kwa kuwa linazaa swali ambalo mizani peke yake hailijibu. Kitu kilichochanganyika kihukumiwe kwa kilichomo ndani, kwa kilicho kingi zaidi, au kwa jina ambalo watu wamekipa? Garissa, Wajir na Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, ambako wakazi wengi ni Wasomali, Waislamu wa madhehebu ya Shafii, jibu la swali hilo hutolewa kwa gramu.

Aristotle alikwishalizungumza katika kitabu chake kuhusu kuzaliwa na kuharibika kwa vitu. Kwake, mbegu za shayiri na za ngano zilizomiminwa pamoja hazijachanganyika kwa maana ya kweli, kwani mwenye macho makali zaidi bado atazitenga. Mchanganyiko wa kweli ni ule ambao kila kipande chake, hata kiwe kidogo vipi, kina hali ileile ya kizima. Waliomfuata wakabaki na tatizo: vitu vya mwanzo vimekwenda wapi? Ibn Sina, aliyefariki 1037, alishikilia kwamba asili za vitu vilivyochanganywa hubaki kamili na kinachopoa ni sifa zao tu, joto la hiki likavunjwa na baridi ya kile. Ibn Rushd, aliyefariki 1198, aliona kwamba asili zenyewe hudhoofika. Ibn Sina huyohuyo aliwakatalia wanaalkemia waliodai kugeuza shaba kuwa dhahabu. Kwa maoni yake waliweza kuipaka shaba rangi ya dhahabu hadi macho yadanganyike, lakini aina haigeuki kuwa aina nyingine.

Baada ya 1912, miali ya eksirei ilipoanza kutumiwa kuchunguza fuwele, ilionekana kwamba pande zote mbili zilikuwa na sehemu ya ukweli. Katika bangili chembe ya shaba inabaki shaba na ya dhahabu inabaki dhahabu; tindikali na moto vinaweza kuzirudisha zote mbili, gramu kwa gramu. Lakini sifa za kitu kizima hazipatikani kwa kujumlisha sifa za sehemu zake. Mfano ulio wazi kuliko wote uko mezani kwa fundi wa redio na simu. Bati tupu huyeyuka kwenye nyuzi 232 za selsiasi, risasi tupu kwenye 327. Lehemu yenye sehemu 63 za bati na 37 za risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183, chini ya zote mbili. Nyuzi 183 hazikuwa ndani ya bati wala ndani ya risasi. Zilizaliwa na mchanganyiko.

Mafakihi hawakuhitaji kujua chembe ili kutoa hukumu, lakini walihitaji kuchagua. Swali lao kubwa la kwanza lilihusu zaka. Kiwango cha dhahabu kinachowajibisha zaka ni mithkali 20, ambazo wanavyuoni wengi wa sasa huzikadiria kuwa gramu 85; cha fedha ni dirhamu 200, yaani gramu 595. Anayemiliki kiasi hicho kwa mwaka mzima hutoa asilimia 2.5. Je, gramu 85 za bangili ni gramu 85 za dhahabu? Katika fiqhi ya Kishafii jibu ni la. Minhaj, kitabu cha Imamu Nawawi aliyefariki 1277 ambacho husomeshwa sana katika darsa za Wasomali, kinaweka wazi kwamba metali iliyochanganywa haina zaka mpaka kile kilicho safi ndani yake kifikie kiwango. Neno la Kiarabu linalotumika hapo ni maghshushi, ndugu wa neno la Kiswahili ghushi, ingawa halina lawama: hata sarafu halali ya mfalme huitwa hivyo ikiwa ina shaba. Wahanafi walikwenda njia nyingine. Kwao kilicho kingi ndicho kinachotoa jina, na dhahabu ikishinda nusu, kitu chote huhesabiwa dhahabu.

Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Mwanamke aliyeweka akiba ya gramu 95 za dhahabu ya karati 21 ana dhahabu safi ya gramu 83 na kidogo. Kwa hesabu ya Kishafii hajafikia kiwango, kwa hiyo hadaiwi kitu. Kwa hesabu ya Kihanafi ana gramu 95 na anadaiwa zaidi ya gramu mbili. Ili gramu 85 safi zitimie, anahitaji gramu 92.7 za karati 22, au 97.1 za karati 21, au 113.3 za karati 18. Fedha iliyomo kwenye mchanganyiko haimsaidii kufikisha, kwa sababu Washafii hawaikamilishi dhahabu kwa fedha. Na ikiwa mapambo hayo ni ya kuvaliwa, si ya kuwekwa sandukuni kama akiba, kauli inayotegemewa katika madhehebu hayo ni kwamba hayana zaka kabisa, isipokuwa yapite kiasi. Mfano wa kupita kiasi uliozoeleka ni furungu ya mithkali 200, ambazo ni gramu 850. Mguu unaoweza kubeba hivyo bila kuchechemea ungekuwa na sifa ya peke yake. Kwa hiyo mama anayemwendea maalim na mkoba wake wa dhahabu huulizwa mambo mawili kabla ya uzito: anavaa au ameweka, na mhuri unasomaje.

Pale ambapo hakuna mhuri, ugumu huongezeka, na hapo fiqhi inaingia karakana. Mafakihi walijadili chombo kilichotengenezwa kwa dhahabu na fedha pamoja, chenye uzito wa elfu moja, ambacho inajulikana kwamba metali moja ni 600 na nyingine 400 lakini haijulikani ipi ni ipi. Mwenye nacho ana njia mbili. Ya kwanza ni ya tahadhari: atoe zaka ya 600 za dhahabu na pia ya 600 za fedha, aghadhibike kidogo na aondokane na shaka. Ya pili ni kuzitenga metali hizo kwa moto. Washereheshaji wakaongeza njia ya maji. Huchukuliwa bakuli la maji, zikatiwa elfu za dhahabu tupu, na alama ikawekwa maji yalipopanda. Zikatiwa elfu za fedha tupu, na alama nyingine ikawekwa juu zaidi, kwa kuwa fedha ni nyepesi na hujaza nafasi kubwa. Kisha chombo chenyewe kikazamishwa, na ikatazamwa maji yanasimama karibu na alama ipi.

Njia hiyo inafanya kazi vizuri. Gramu 1,000 za dhahabu husukuma mililita 52 za maji, gramu 1,000 za fedha husukuma 95. Chombo chenye dhahabu 600 na fedha 400 kitasukuma kama mililita 69. Kinyume chake, kama 78. Tofauti ya mililita tisa, chini kidogo ya vijiko viwili vya chai, inaonekana kwa jicho kama bakuli ni jembamba. Kisa cha Archimedes na taji la mfalme wa Syracuse kinajulikana na wengi. Kinachosahauliwa ni kwamba al-Biruni alipima uzito wa metali na vito kwa njia ya maji kwa usahihi mkubwa, na kwamba al-Khazini, katika kitabu chake cha mizani ya hekima kilichotungwa 1121, alieleza mizani ya maji iliyokusudiwa hasa kuumbua aloi iliyojifanya dhahabu. Masonara wa leo hutumia jiwe jeusi la kusugulia na matone ya tindikali, au mashine ya eksirei inayosoma karati bila kukwaruza. Moto unabaki kuwa hakimu wa mwisho, kwa kuwa ndio unaotenga.

Msimamo wa Kishafii wa kuhesabu kilichomo unaonekana wa moja kwa moja mpaka ulinganishwe na hukumu za mifugo, ambazo ndizo zinazowahusu zaidi watu wa Kaskazini Mashariki. Mbuzi 40 hutoa mbuzi mmoja; ngamia watano hutoa mbuzi mmoja. Sasa, mtu mwenye mbuzi 20 hana zaka. Lakini akichanganya mbuzi wake na 20 wa jirani, wakalala zizi moja, wakanywa kisima kimoja, wakalishwa malisho mamoja na kukamuliwa mahali pamoja kwa mwaka mzima, madhehebu ya Shafii huwahesabu kama mali ya mtu mmoja, na mbuzi mmoja anatolewa. Kila mmoja anamjua mbuzi wake kwa alama ya sikio, na kundi lingeweza kutengwa kabla jua halijapanda, hata hivyo hukumu inaliona kuwa kitu kimoja. Dhahabu na shaba, ambazo hakuna macho yawezayo kuzitenga, hukumu inaziona kuwa vitu viwili. Kwa kipimo cha Aristotle mambo yamepinduliwa: shayiri na ngano zimekuwa kitu kimoja, na mchanganyiko wa kweli umekuwa viwili.

Upo pia mchanganyiko wa tatu. Mnyama aliyezaliwa na mbuzi na swala hana zaka hata kidogo. Haulizwi nusu yake ya mbuzi. Kwa kuwa jina la mbuzi wa kufugwa halimkai sawasawa, wajibu umemwondokea. Ukiviweka vitatu hivyo pamoja, inaonekana kwamba mafakihi hawakuwa na nadharia moja ya mchanganyiko, wala hawakuitaka. Kwa mifugo waliuliza ni gharama na kazi gani inayoshirikiwa: mchungaji mmoja, kisima kimoja, dume mmoja. Kwa mzao wa swala waliuliza jina. Kwa metali waliuliza mali: mtu huyu ana dhahabu kiasi gani kwa hakika? Mwenye kutafuta mantiki moja atachoka, na kosa litakuwa lake, kwani aliwauliza wanasheria swali la wanafizikia.

Jina lenyewe lilitikisika zaidi kwenye sarafu. Mfugaji wa nchi iliyo kati ya Tana na Juba, mwanzoni mwa karne ya 20, aliweza kushika fedha za aina tatu. Ya kwanza ilikuwa riali ya Maria Theresa, sarafu ya Austria iliyoendelea kupigwa kwa tarehe ya 1780 muda mrefu baada ya malkia huyo kufa, na iliyopendwa katika Pembe ya Afrika na Uarabuni kama fedha ya biashara na kama mali ghafi ya masonara. Uzito wake ni gramu 28.07, na sehemu 833 kwa elfu ni fedha. Iliyobaki ni shaba. Ya pili ilikuwa rupia ya Uhindi, gramu 11.66, fedha sehemu 917 kwa elfu. Ya tatu ilikuja 1921, baada ya florini iliyodumu kitambo kidogo: shilingi ya Afrika Mashariki, gramu 7.78, na robo yake tu ndiyo fedha.

Hesabu ya zaka inazitenganisha kama moto. Kwa kutazama kilichomo, kiwango cha gramu 595 hutimia kwa riali 26, au kwa rupia 56, au kwa shilingi 306 hivi. Kwa kutazama kilicho kingi, riali 22 na rupia 52 zinatosha, kwa kuwa fedha ndiyo iliyoshinda na uzito wote unahesabiwa. Shilingi haiitwi fedha kabisa, maana robo tatu yake si fedha, nayo inaingia katika hukumu ya sarafu za shaba. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia hata robo hiyo iliondolewa na shilingi ikapigwa kwa shaba na nikeli. Ajabu ni kwamba hakuna aliyeacha kuiita fedha. Kiswahili kina neno moja la metali na la pesa, na metali ilipoondoka neno lilibaki palepale likifanya kazi ileile sokoni.

Mafakihi wa kale walikwishakutana na sarafu za shaba na wengi wa Washafii hawakuzipa hukumu za dhahabu na fedha, hata zikiwa zimeenea madukani. Msimamo huo ungeshikwa hadi leo, tajiri mwenye mamilioni ya shilingi benki asingedaiwa zaka ya fedha hizo. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Amman 1986 liliamua kwamba noti ni fedha kamili kisheria, zina zaka na zina hukumu za riba kama dhahabu na fedha. Hapo jina lilishinda kilichomo, kwani ndani ya noti hamna hata chembe ya fedha. Inaweza kusemwa kwamba uamuzi huo ulikuwa wa lazima, na ndivyo ulivyokuwa. Lakini haukuweza kutolewa kwa kanuni ileile inayopima bangili.

Kwenye kubadilishana, kanuni inakaza zaidi. Dhahabu kwa dhahabu hubadilishwa uzito kwa uzito, mkono kwa mkono. Hadithi inayotegemewa kuhusu mchanganyiko ni ya Fadhala bin Ubaid, iliyomo katika Sahihi ya Muslim: siku ya Khaybar alinunua mkufu wenye dhahabu na shanga kwa dinari 12, na alipoutenganisha akakuta dhahabu yake peke yake inazidi dinari 12. Akaambiwa na Mtume kwamba kitu kama hicho kisiuzwe mpaka kitenganishwe. Kutokana na hadithi hiyo na nyingine, Washafii walizuia kuuza dhahabu iliyo pamoja na kitu kingine kwa dhahabu, maana usawa hauwezi kujulikana. Aloi ya leo inaingia moja kwa moja humo. Mteja anayempa sonara mkufu wa zamani wa karati 21 na kuchukua mpya wa karati 22, akiongeza pesa kidogo juu, amefanya kile ambacho hadithi inakizuia, hata kama pande zote mbili zimeridhika. Njia inayotajwa na maalim ni fupi: uuze wa zamani kwa shilingi, upokee shilingi zako, kisha ununue mpya. Mikononi mwa watu wa Garissa shilingi hizo mara nyingi ni ujumbe wa M-Pesa, na swali la kama mlio wa simu ni mkono kwa mkono limekuwa na majibu yake. Wengi wamekubali kwamba pesa iliyoingia kwenye akaunti imepokewa.

Kwa wanaume, dhahabu ya kuvaa ni haramu na pete ya fedha ni halali, na hapo aloi imeleta utatanishi usiokuwa wa lazima. Dhahabu nyeupe inayouzwa kwa masonara ni dhahabu, mara nyingi ya karati 18, iliyochanganywa na paladiamu au nikeli hadi rangi ya njano ikafifia, kisha mara nyingi ikapakwa rodiamu ing'ae. Ni dhahabu. Platinamu ni metali nyingine kabisa, ingawa kwa Kiarabu nayo watu huiita dhahabu nyeupe. Kijana anayenunua pete ya arusi kwa kuangalia rangi anaweza kujikuta amevaa asichokikusudia, na mhuri wa 750 ndani ya pete unasema zaidi kuliko weupe wake. Kilichopakwa dhahabu juu kina kipimo chake: kama kikiwekwa kwenye moto dhahabu itakusanyika, basi ni dhahabu, kama ni rangi tu isiyotoa kitu, hukumu ni nyepesi. Saa nyingi zinazoitwa za dhahabu zina tabaka jembamba sana, na moto usingetoa hata tone.

Aloi za jikoni na mlangoni hazina uzito huo wa kisheria, ila moja ina historia nzuri ya jina. Shaba ya njano, ambayo mafundi wengi huiita brasi, ni shaba nyekundu asilimia 60 hadi 70 na zinki iliyobaki. Ndiyo ya kufuli, ya bomba la maji na ya mabirika ya zamani. Mafakihi waliruhusu vyombo vyake, na imepokewa kwamba Mtume alitawadha kwa chombo cha namna hiyo. Neno la Kiarabu la shaba ya njano ni sufri, na humo ndimo lilimotoka neno sufuria. Sufuria za Kenya leo ni za alumini, metali ambayo haikujulikana na mfuaji yeyote kabla ya karne ya 19. Zile za bati jembamba ni alumini karibu tupu. Zile nzito zinazosubiwa kwa chakavu hutokana na vipande vya injini, kwa hiyo zina silikoni nyingi na huvunjika zikidondoka sakafuni. Chombo kilibadili mwili wote na jina halikugeuka. Stenlesi ya chupa ya chai na vijiko ina kromiamu karibu asilimia 18 na nikeli 8 hadi 10. Kromiamu hiyo hujifunika kwa utando wa oksidi usioonekana, ndio unaozuia kutu.

Chuma ndicho kilichopewa heshima kubwa kuliko zote katika Kurani: sura ya 57 ina jina lake, na chuma kinatajwa humo kuwa kimeteremshwa. Wahubiri wengi wa siku hizi huiunganisha aya hiyo na vimondo, na vimondo vya chuma kweli ni aloi iliyotengenezwa bila mhunzi, chuma na nikeli vilivyopoa polepole kwa mamilioni ya miaka. Karibu na El Ali, katika mkoa wa Hiiraan nchini Somalia, kilikuwapo kimondo cha tani 15 ambacho wachunga ngamia walikuwa wakikinolea visu kwa vizazi kadhaa, wakikiita Shiid-birood, jiwe la chuma. Wanasayansi walikitambua kuwa kimondo 2020, na mwishoni mwa 2022 Chuo Kikuu cha Alberta kilitangaza kwamba ndani yake kuna madini yasiyowahi kuonekana katika maumbile. Mtu wa tahadhari atakumbuka kwamba Kurani inatumia kitenzi hichohicho cha kuteremsha kwa wanyama wa kufugwa, na hakuna aliyedai kwamba ngamia waliangukia duniani kutoka angani. Wafasiri wengi wa kale waliona maana yake ni kuumbwa na kutunukiwa, na aya haihitaji kimondo ili isimame.

Chuma cha kazi nacho ni aloi. Nondo za ujenzi zina kaboni isiyozidi sana robo ya asilimia moja. Kisu kizuri kina zaidi ya nusu asilimia, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayofanya kimoja kipindike na kingine kishike makali. Barabara ya Garissa hadi Mandera kupitia Wajir huvunja springi za malori, na springi iliyovunjika ni mali: ina kaboni karibu asilimia 0.6 pamoja na manganizi, mara nyingi na silikoni. Mfuaji huikata, huitia katika makaa hadi iwe nyekundu kama embe bivu, huifua juu ya kipande cha reli hadi itoke umbo la kisu, kisha huipasha tena na kuizamisha ghafla kwenye mafuta machafu ya injini. Kaboni inakamatwa ndani kabla haijapata mahali pa kukimbilia, na chuma kinakuwa kigumu lakini chepesi kuvunjika. Ndipo kinapashwa mara ya mwisho kwa moto mdogo, mpaka rangi ya majani makavu ijitokeze kwenye ubapa uliosuguliwa, ili kirudishiwe subira kidogo.

Kwa Wasomali, kazi hiyo ilikuwa ya watu wanaoitwa Tumaal, jina litokanalo na kitenzi cha kugonga kwa nyundo. Koo za wafugaji zilinunua kwao visu, mikuki na shoka, zikakataa kuwaoza binti zao wala kuoa kwao, kwa hoja kwamba nasaba yao si safi. Hapo swali la mchanganyiko linaacha metali na kuingia kwa watu, na hoja za dini zinazotajwa kuutetea ubaguzi huo zina matatizo. Katika Kurani nabii Daudi alilainishiwa chuma akawa mfuaji wa deraya. Hadithi mashuhuri inawafananisha watu na machimbo ya dhahabu na fedha, na kipimo inachokitaja ni ufahamu wa dini. Ni kweli kwamba fiqhi ya Kishafii inaihesabu kazi ya mtu katika usawa wa ndoa, na asiyetaka kulisema hilo hasemi ukweli wote. Lakini orodha iliyomo katika Minhaj ya kazi zilizo chini ya kazi ya mshonaji ina mfagiaji, mpiga chuku, mlinzi, mhudumu wa hamamu na mchungaji. Mhunzi hayumo. Mchungaji yumo. Wenye mifugo wanaokisoma kitabu hicho msikitini wamepita juu ya neno hilo kwa karne nyingi, na washereheshaji wamefanya kazi kubwa ya kulipunguza makali.

Sharti la fiqhi kuhusu kisu cha kuchinjia ni fupi kuliko hayo yote. Kiwe kikali, kikate koo na umio, kisiwe jino, ukucha wala mfupa. Chuma, shaba, risasi, hata jiwe lenye ncha vinafaa. Kisu kilichofuliwa kwa springi na mtu wa Tumaal huchinja ngamia wa arusi ambayo mfuaji mwenyewe asingeruhusiwa kuwa bwana arusi wake, na nyama hiyo ni halali kwa wote walioalikwa.